Mtama Mwekundu

Kaka, nimeua ndege. Ndege tisa, sikutanii.

Si unajua mdogo wangu ana jaribio la sayansi, ndege wa uani wanapenda kula punje za rangi gani? Akaniomba mtama mwekundu. Nikamchotea kwenye mfuko wa baba wa mbegu za kupanda. Kumbe ule wekundu ni dawa! DAWA! Na mimi biolojia nilifaulu.

Nimemkuta anaandika daftarini: "Nyekundu, ndege tisa. Wameshiba mpaka wamelala."

Eti wamelala!

Mama katoka mbio, anamsugua mikono kwa sabuni huku anafoka, "Nani kakupa mbegu hizi?"

Mtoto kaniangalia. "Nimechukua mwenyewe, mama."

Kachapwa, kaka. Na mimi nimesimama pale pale, kimya. Kimya kabisa.