Nafula Wawili na Namba Ishirini

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mvua imenyesha Kitale tangu saa saba na sasa imebaki rasharasha. Nimeacha viatu vya matope nje ya mlango hapa mtaani Tuwan, nimekula ugali na sukuma wiki sahani nzima, na nimekuja kwako shajara hata kabla ya kuosha vyombo. Tangu Jumanne chakula kilikuwa hakipiti kooni.

Leo kimepita. Asante Mungu.

Wacha niseme ukweli, nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wiki hii nilimsingizia mtu. Mama wa watu, mwenye watoto wa kusomesha, na karibu afutwe kazi kwa sababu ya mdomo wangu.

Miaka sita nilifundisha aina za mitandao ya kompyuta katika chuo kimoja Bungoma. Nilikuwa napenda kuanza na simu na spika ya bluetooth: huo ni mtandao wa mtu mmoja, unaishia pale mkono wako unapofika. Halafu LAN, mtandao wa ndani, kompyuta za ofisi moja zikikutana kwenye swichi moja, kile kisanduku cha kuunganisha nyaya, na watu wakigombania printa moja. Halafu MAN, wa mji mzima, kama duka lenye tawi upande ule mwingine wa mji na mlingoti juu ya paa. Mwisho WAN, mtandao mpana, unaounganisha miji na hata nchi, na intaneti yenyewe ndiyo WAN kubwa kuliko zote. Wanafunzi walikuwa wakiandika kwamba tofauti yake ni umbali. Niliwapa alama zote.

Leo ningewapa nusu.

Mwaka jana niliacha chuo nikaja Kitale kujitegemea, nafunga mitandao. Kazi yangu ya kwanza kubwa imekuwa ya Daktari, mwenye kliniki mbili, moja hapa mjini na nyingine Bungoma. Mashine ya X-ray iko Bungoma, lakini macho ya kusoma picha ni yake, na yeye anakaa Kitale. Wagonjwa walikuwa wakisafiri na bahasha kubwa kwapani, wamevunjika mkono na bado wanabeba mzigo. Nikamwambia Daktari nitaunganisha LAN ya huku na LAN ya kule kwa njia ya pekee ndani ya intaneti, halafu picha itasafiri, mgonjwa abaki kitandani. Alifurahi mpaka akaniagizia chai.

Kitale nilifunga vizuri. Kila mashine nikaipa namba yake. Ishirini ilikuwa kompyuta ya mapokezi, na humo nikafungua folda ya pamoja, nikaiita Picha. Kufika Bungoma, nilikuwa na haraka. Badala ya kupanga upya, nilichukua mpangilio wa Kitale nikaumwaga wote kwenye rauta ya Bungoma, ile mashine inayoongoza mtandao wa kule, kama mtu anayenakili kazi ya jirani mpaka na jina lake. Kule namba ishirini ikaangukia kompyuta ya X-ray, nayo ikapata folda yake, Picha. Niliunganisha pande zote mbili, taa ya kijani ikawaka, nikafunga mkoba.

Sikufungua hata picha moja kuhakikisha. Mimi, ati mwalimu.

Jumanne Daktari akaita wafanyakazi wote waje kuona maajabu. Kulikuwa na wagonjwa kama wanane kwenye benchi, na wao wakanyoosha shingo. Daktari akafungua namba ishirini, folda ya Picha, akitarajia kuona mbavu za mtu wa Bungoma.

Tukaona kwaya.

Kwaya nzima, majoho ya zambarau, na katikati Mama Sifa wetu wa mapokezi, mdomo wazi, anaimba kwa nguvu zake zote. Picha kama arobaini. Mgonjwa mmoja akacheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe. Daktari hakucheka. Akaniuliza X-ray ziko wapi, na wote wakanigeukia.

Hapo ndipo nilipoanguka. Ningesema, "Sijui, nipe muda niangalie." Maneno manne tu. Badala yake nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Kuna mtu amechezea mashine."

Mama Sifa akasema, "Mwalimu, mimi sijatoa kitu ya mtu. Nilikuta hiyo folda iko tu, haina kitu, imeandikwa Picha. Si nikaweka picha?"

Haki, hata sasa nikikumbuka hilo jibu natamani ardhi inimeze. Alikuwa na haki kabisa. Lakini Daktari aliona tu kwamba X-ray zimefutwa na kwaya imekalia nafasi yake. Akamwambia aende nyumbani, arudi Ijumaa na barua ya kujieleza, na kama zile picha za wagonjwa hazitapatikana, asisumbuke kurudi tena. Mama Sifa amekaa mapokezi tangu kliniki ifunguliwe. Alichukua kikoi chake na kikapu akatoka bila kuniangalia.

Mimi nikarudi kukusanya nyaya zangu.

Jana nilienda Bungoma, nikidhani naenda kufufua picha zilizofutwa. Nikafungua ile kompyuta ya X-ray. Picha zote zilikuwepo, kila mkono na kila kifua, hakuna aliyezigusa. Sikufurahi. Kama hazikufutwa, basi nilimsema mtu bure. Na bado sikuwa nimeelewa kwa nini Daktari, akiita Bungoma, anajibiwa na Kitale.

Nikapitia nyumbani Lugulu, huko huko upande wa Bungoma, kumsalimia mama. Nikiwa sebuleni na kikombe cha chai mkononi, mama akaita kutoka jikoni, "Nafula! Lete chumvi!"

Nikaitika, nikasimama. Na mke wa kaka yangu, aliyekuwa hapo mlangoni akichambua mboga, naye akaitika akasimama. Yeye pia ni Nafula. Sisi wote tulizaliwa wakati wa mvua, na kwetu aliyezaliwa wakati wa mvua jina lake linajulikana kabla hata kitovu hakijakauka. Mama akachungulia, akacheka. "Si wewe wa Kitale, keti unywe chai. Naita Nafula wa hapa. Wewe uko mbali, chumvi yangu utaijulia wapi?"

Nikakaa. Chai ikanimwagikia gotini.

Namba ishirini! Kitale iko namba ishirini, Bungoma iko namba ishirini, mpaka mlango wa chumba unaitwa Picha kote kuwili. Daktari akiita, anaitika wa karibu. Kompyuta ya Kitale haina sababu ya kutoka nje kutafuta ishirini wakati ishirini yuko hapo mapokezi, mlangoni, anachambua mboga. Tofauti ya LAN na WAN si umbali peke yake. Nyumbani Nafula anatosha. Mkishaunganisha nyumba mbili, lazima useme Nafula wa wapi, na mimi ndiye niliyewapa watu wote majina yale yale halafu nikamlaumu aliyeitika.

Nilirudi Bungoma mjini mbio, nikabadilisha namba zote za Bungoma zikawa za ukoo wao wenyewe. Haikuchukua hata saa mbili. Nikajaribu nikiiendesha kompyuta ya Kitale kwa mbali, na picha ya kiwiko cha mtu ikafunguka huko, safi, nyeupe. Nikalia kidogo.

Halafu shetani akaja na ushauri wake. Sema ilikuwa shida ya intaneti. Sema umezifufua zile picha, ushukuriwe na Mama Sifa asamehewe. Nani atajua? Nilibeba huo ushauri njia yote kurudi Kitale, na sitajidanganya, ulikuwa mtamu.

Leo asubuhi nilimkuta Mama Sifa amekaa kwenye benchi ya wagonjwa na barua yake ndani ya bahasha. Alikuwa ameivalia nguo ya kanisani. Niliona ile nguo nikaingia kwa Daktari moja kwa moja na kumwambia, kabla hata sijaketi, "Daktari, kosa ni langu. Mama Sifa hakufuta chochote." Nikaeleza yote. Akafungua kile kiwiko, akakitazama, akasema, "Bana, Mwalimu. Mtu wangu wa miaka yote hiyo." Basi. Ingekuwa afadhali anifokee. Akatoka, akaichukua ile barua ya Mama Sifa, akamrudishia bila kuifungua na kumwambia arudi kazini.

Nikamvuta Mama Sifa pembeni nimwombe msamaha. Akakataa kusogea.

"Ulinisema mbele ya watu, Mwalimu. Si uniombee hapa hapa?"

Nikasimama mbele ya benchi, mbele ya mzee mwenye magongo, mama mwenye mtoto anayekohoa na wengine, nikasema ni mimi niliyekosea namba, na huyu mama hana hatia. Mzee akauliza namba gani, nikamweleza kwa ule mfano wa akina Nafula, akasema, "Hiyo nimeelewa." Mama Sifa akanipa mkono. Akakaa kwenye kiti chake, akawasha kompyuta, na bila kunitazama akasema, "Na kwaya yangu usiitoe. Itafutie nyumba yake."

Nimeitafutia. Jumapili nimealikwa kuisikia ikiimba, na nitaenda.

Moyo wangu umetulia leo, kazi inakwenda sawa na mama wa watu yuko kwenye kiti chake. Swali moja tu limebaki, nami naliandika hapa ili nisilikimbie: kama mama yangu hangehitaji chumvi, ningemwacha Mama Sifa nje ya mlango hadi lini?