Bahati ya Duara

Shinyanga, 4 Februari 2024

Mpendwa Asteria,

"Mke wangu hapati damu ya mwezi, ndiyo maana duara letu, shimo tunalochimba, lina dhahabu." Mumeo Magesa aliyasema hayo kwangu, akila ugali wangu, bila haya! Hujambo lakini, mwanangu? Kichwa kimetulia?

Sasa nisikilize. Daktari alikwambia una ugonjwa wa vifuko vya mayai: homoni zimevurugika, mayai hayapevuki, ndevu zinaota, damu haiji. Huo ni ugonjwa. Kama kukosa damu kungeleta dhahabu, sisi tuliokoma hedhi tungekuwa matajiri wa Shinyanga nzima.

Umeniuliza kuhusu Ayurveda, tiba ya Kihindi. Nimesoma. Kupunguza wanga, kutia uwatu na manjano kwenye chakula, kulala mapema, kutembea kila asubuhi: fanya. Hata daktari alikwambia utembee. Lakini ule unga usio na jina, wa yule muuzaji wa mnadani, usiuonje. Unga wa namna hiyo umewahi kukutwa na madini ya risasi na zebaki. Zebaki ya kukamatia dhahabu si mnayo ya kutosha huko machimboni Nyarugusu?

Shangazi yako,
Melania

Nyarugusu, 19 Mei 2024

Shangazi, shikamoo. Huku wote wazima, ila mimi nina neno. Magesa amechukua simu yangu. Barua hii anakuletea Rhoda muuza dagaa.

Unga niliumwaga. Nikapunguza ugali, nikawa natembea hadi kisima cha mbali kila asubuhi. Shangazi, damu imerudi! Nililia kwa furaha, kisha nikaogopa. Kila siku Magesa na wenzake wananiketisha mdomoni mwa duara niwe bahati yao, na mwenye damu hapakanyagi pale. Nikisema, nimewafukuzia dhahabu. Nikinyamaza, nimewadanganya. Na siku hizi mawe wanayotoa hayana kitu.

Jana Thobias, mwenzake Magesa, alisema, "Shemeji, umependeza! Unakula nini?" Wote wakacheka. Magesa hakucheka.

Mwanao,
Asteria

Nyarugusu, 2 Juni 2024

Shangazi, shikamoo. Wamejua. Magesa amemleta yule muuza unga, anasema anao mwingine wa kuifunga damu. Naunywa wakinitazama. Kisimani siendi tena. Mlango unafungwa kwa nje, hii nampitishia Rhoda dirishani. Usinicheke mwandiko, huo unga unanipa kizunguzungu.

Mwanao

Shinyanga, 5 Juni 2024

Kwa Magesa, Thobias na wenzenu wote wa duara,

Salamu nitawapa mkishanijibu.

Ng'ombe mliowaleta kwa kaka yangu walikuwa wa kuoa mke, si wa kununua chambo cha dhahabu. Binti alikuwa anapona, nanyi mkaona kupona kwake ni hasara yenu!

Rhoda anawasomea haya kwa sauti pale kwenye karasha, mashine yenu ya kusagia mawe, kila mtu asikie. Mimi niko njiani na askari wa dawati la jinsia. Magesa, mwaga huo unga sasa hivi, umrudishie simu yake. Thobias, wewe uliyeona amependeza, Magesa akikataa, vunja kufuli. Nikifika nimkute Asteria amekaa nje, juani, na viatu vya safari miguuni.

Shangazi yake,
Melania