Seva Isiyo na Chapa

Dar es Salaam

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Goti lako linaendeleaje? Mvua imewafikia hapo Bariadi, au bado mnaitazama ikipita kwenda ziwani? Mimi ni mzima, ila roho yangu haijapoa, na leo nakwambia kwa nini.

Unamkumbuka meneja wa kile kiwanda cha pamba, cha wale waliokuja biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Niliwafungia seva, ile kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine, nikaiwekea mfumo wa kuiendesha, wa bure, uliotengenezwa na watu wengi wanaogawa kazi yao. Akaniuliza, "Mwenyewe nani?" Nikamjibu, "Ni wa wote." Lo! Mtu wa Mwandoya huyo, kakulia kwenye ng'ombe. Ng'ombe asiye na chapa kwake kaibiwa tu, akaipeleka akili hiyo hiyo kwenye kompyuta. Akanitangaza mwizi pale kwenye mzani, mbele ya wakulima wote, na wewe mayu umekalia gunia lako la pamba unasikia. Tangu siku ile, kwa aibu, ukaacha kwenda hata misibani.

Huku Dar nilikokimbilia nako nilianza kwa shida. Kampuni nyingi hazitaki kuusikia mfumo ule. Wakubwa wanataka wa kununua, wenye mtu wa kumfokea ukiharibika. Wanaopenda vya bure nao wanakimbilia ule mwingine unaosifiwa na kila kijana. Wangu ulichukuliwa na kampuni moja ya intaneti, ikafuata ya meli, basi. Lakini hawakujuta, na kila nilipoufunga nilisema moyoni: haya, meneja, meza hiyo.

Sasa sikia. Makao makuu ya wenye kile kiwanda yako huku huku Dar, na wameamua viwanda vyao vyote vitumie mfumo ule ule. Kazi wamenipa mimi. Cha Bariadi nimekiweka mwisho, makusudi kabisa! Meneja kapiga simu, sauti imelainika: "Masanja mwanangu, njoo basi." Mwanangu! Nikamwambia sikanyagi Bariadi mpaka aje kwako, majirani wakiwepo, aseme kwa mdomo wake kwamba sikuiba. Amekubali.

Nafurahi, mayu, sikufichi. Najua wewe ni mwepesi wa kusamehe, ila safari hii nisaidie kuchukia kidogo.

Nisalimie mama mdogo wa Lalago, na shemeji fundi baiskeli, aliyenitetea peke yake. Dada anayekusomea barua hii asiruke mstari.

Akifika mpe maji, tusionekane wanyama. Kiti usimpe. Aseme akiwa amesimama, kama nilivyosimama mimi.

Mwanao asiyesahau,
Masanja