Mawimbi au Mbuzi

Garissa, Jumatatu jioni

Abti, mjomba wangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Nimeapa kukuambia yote, ingawa kadi hii ni ndogo na hasira yangu ni kubwa.

Leo kwenye maonyesho ya sayansi nilieleza jinsi mawimbi ya bahari yanavyotabiriwa. Nilisema dhoruba ya mbali huyasukuma, na yale marefu hukimbia kasi kuliko mafupi. Yakifika pwani siku ya anga safi, mtabiri hujua huko mbali kumechafuka. Mwamuzi akacheka.

"Binti, huko kwenu Hulugho kuna bahari? Umewahi hata kuiona?"

"Sijaiona, mwalimu. Na mwezini pia sijafika."

"Ungetuletea kitu cha kwenu, cha mbuzi."

Basi nikampa cha kwetu. Nikamweleza unavyotangulia kama sahan wetu kutafuta malisho, ukaona umeme kule mbali, nasi tukahamishia ngamia huko kwenye mvua ingawa juu yetu hakuna wingu. Akafunga kalamu. "Hizo ni hadithi za ngamia, si fizikia."

Hiyo ni haki kweli? Hodan, mwenzangu, akanong'ona, "Wallahi, sasa hata mawimbi yanadaiwa kitambulisho!"

Mkuu wa waamuzi alimsikia. Amesema nirudie mbele yake Alhamisi, na nikipita nitakwenda mashindano ya taifa Nairobi. Lakini mwalimu wangu wa shuleni anaogopa, ananisihi nibadilishe mada.

Joto ni kali, na nyama ya ngamia ya hapa haifikii ya bibi yangu, Ayeeyo. Mwenyezi Mungu awalinde. Mpe dereva wa lori aliyekuletea kadi hii jibu lako: nibaki na mawimbi yangu, au niwape mbuzi wao?

Nasteho wako