Kona Isiyo na Gundi

Manfuha, Riyadh
Machi 2018

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Natumaini mguu umepoa na sasa unafika kanisani bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima, ila magoti yamekwisha. Kazi ya kutandika mikeka ya mbao, ile ya plastiki yenye sura ya mbao, ina magoti mengi kuliko kina mama wote wa maombi.

Mama, keti kwanza. Dada Fridah yu hai. Nimemwona kwa macho yangu. Wanaonong'ona habari za matanga wafunge midomo.

Zacharia, dereva Mkenya wa nyumba anayofanyia kazi Fridah hapa hapa Riyadh, alimwambia bosi wake kwamba anajua fundi wa sakafu. Basi nikaitwa mtaa wao wa Al-Rawdah kubadilisha sakafu ya jikoni. Nilibandua mkeka wa zamani, nikakwangua gundi hadi saruji ikabaki tupu, na dada yangu akinipita na sufuria kana kwamba hanijui. Madam hataki azungumze na wanaume, na simu alimnyang'anya mwaka jana. Madam alipotoka kidogo, Fridah aliniambia kwa Kikisii kwamba hapigwi, ila mkataba umeisha na hawataki kumwachilia. Amekonda, sitakuficha.

Sasa nikwambie nililofanya. Nilipotandika mkeka mpya, niliacha kona moja karibu na sinki bila gundi. Nilijua itainuka, niitwe tena nimwone. Marehemu baba angenitandika mimi kwa kazi mbovu kama hiyo.

Ikainuka upesi kuliko nilivyotarajia. Niliporudi nilimkuta madam akimfokea Fridah kwamba anapiga deki kwa maji mengi. Nikasema kosa ni langu, gundi haikushika. Madam akasema halas, yaani imetosha, nimalize na nisikanyage kwake tena. Fridah aliponiletea maji ya kunywa, alininong'oneza kwamba ni kweli, alikuwa akiimwagia ile kona maji kila jioni. Alijua tangu siku ya kwanza kwa nini nimeiacha.

Madam alinisimamia hadi mwisho. Nilipaka gundi kila mahali, nikakandamiza kwa rola hadi ukutani, na machozi yalinitoka. Nimetandika sakafu nyingi Saudia, Mama, lakini hakuna niliyoibandika imara kama ile. Haitainuka tena.

Zacharia ameahidi kutuletea habari zake. Nisalimie Charity na wanawe, na usiache kumtaja Fridah mnapoomba.

Ni mimi mwanao,
Onesmus