Rangi Isiyotoka Mkononi

Jumatatu, 1 Julai

Wameamua. Tarehe ishirini na mbili mume wangu Clem anahamishiwa upande wa pili wa nyumba ya wazee, ule wa mlango unaofunguliwa kwa namba za siri. Wiki iliyopita alitoka na pajama yake akafika mpaka barabara ya malori. Ndiyo sababu. Akishaingia kule, matembezi basi mpaka atulie. Nikauliza atatulia lini, msimamizi akanipapasa bega.

Kwa hiyo nimebakiwa na Jumapili tatu za kumleta nyumbani. Ya mwisho ni tarehe ishirini na moja.

Nataka kitu kimoja tu. Aniite Noreen. Tangu Pasaka hajaniita.

Nimewaza mchana kutwa, na naona njia ni gari. Holden yake ya mwaka sitini na mbili. Kinyozi hajinyoi — amenyoosha bodi za magari ya nusu ya mji wa Warrnambool, na lake limekaa gereji miaka minane bila hata mkono mmoja wa rangi. Vyuma vilivyooza alishavikata akachomelea vipya kabla kichwa hakijaanza kumchezea. Kilichobaki ni kuzuia kutu na kuziba maungio. Nikimketisha kwenye usukani, gari limekamilika chini... labda.

Miaka thelathini na moja nilipokea simu za karakana yake na kuchemsha chai ya saa nne. Brashi sijawahi kushika. Haya basi, bibi kizee, kashike!

Jumatano, 3 Julai

Brashi ya waya, msasa, magoti. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Chuma kipya nacho kimeshaanza kuota kutu, hewa ya bahari haina huruma. Vlado akachungulia juu ya uzio. Jirani yangu huyu alikuwa fundi wa mashua za kuvulia kamba, na bado anaongea kwa sauti ya kushinda injini.

— Noreen! Unaiba gari au unalizika?

Nikamwambia nalifufua. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akauliza kama nimekula. Sijala. Akaniletea supu ya samaki na mkate. Nilikula nimekaa kwenye ndoo.

Ijumaa, 5 Julai

Mkono wa kwanza wa rangi ya kuzuia kutu leo asubuhi, wa pili mchana, ule wa kwanza ukiwa bado unanata kidogo kwenye kidole. Ndivyo alivyokuwa akisema Clem: usiuache ukakauka kabisa, wa pili hautashika. Kumbe nilikuwa nasikia, miaka yote ile, na birika mkononi!

Sakafu yote ya gari sasa ni nyeusi, inang'aa. Nzuri ajabu.

Lakini glavu ya kulia ilichanika sikujua. Vidole vitatu na nusu ya kiganja, weusi ti! Nimesugua kwa tina ya kuyeyushia rangi, kwa mafuta ya kula, kwa sabuni ya unga. Haitoki. Kwenye kopo wameandika kwamba ikishakauka kwenye ngozi, dawa ni subira.

Jumapili, 7 Julai

Nilitaka kumleta leo, mvua ikakataa. Nikaenda mimi. Alikuwa dirishani, haangalii kitu. Nikambusu. Hakugeuka. Nikaanza kusimulia habari za Vlado na supu, kama ninavyosimulia siku zote, naongea na sikio lake.

Ghafla akashika mkono wangu. Akaugeuza. Akapitisha kidole gumba juu ya ile rangi, akakwaruza kwa ukucha.

— Hukuvaa glavu.

Basi. Hayo tu. Lakini hakuniachia! Dakika ishirini nzima alikuwa amenishika, mpaka Mele akaleta pudini. Mele ni muuguzi wa zamu, Mtonga wa visiwani, mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Akaniuliza kwa nini nalia na mzee leo ana raha hivyo.

Nimerudi na basi la saa kumi nikiwa nimeuweka mkono mapajani.

Jumanne, 9 Julai

Leo nimepaka buti na ndani ya milango. Bila glavu.

Nimeandika na sioni haya. Miaka sitini na tisa, nachovya vidole kwenye rangi makusudi ili mume wangu anishike mkono. Robyn akipiga simu kutoka Perth simwambii. Angesema, Mama, hiyo ni sumu, Mama, njoo ukae na sisi.

Alhamisi, 11 Julai

Alinishika mikono yote miwili. Alinigombeza! Nimeambiwa mzembe, nimeambiwa ningekuwa fundi wake ningefukuzwa. Mele alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

— Mama Noreen, wewe unamfanyia nini huyu? Kwetu hasemi hata "maji".

Nikamwambia napaka gari. Akanitazama mikono, akaelewa, akasema jioni angeninunulia glavu lakini hatanunua.

Jina bado. Nilijaribu kumchokoza: nani anakuchemshia chai karakana? Akasema, "Yupo mmoja."

Jumapili, 14 Julai

Ana homa. Hawakuniruhusu kumtoa. Imebaki moja.

Jumatatu, 15 Julai

Gundi ya maungio. Kazi hii naipenda, jamani. Unafinya polepole, inatoka kama krimu ya keki, unafuata mstari pale bati linapokutana na bati, kisha unachovya kidole kwenye tina na kulainisha. Magoti yanauma, roho imetulia. Kwa saa mbili sikukumbuka kwamba nyumba ni tupu.

Vlado akaja na taa yake ya kichwani. Akatambaa chini, akaanza kupiga kelele kutoka huko:

— Hapa umesahau! Na hapa! Kuna vitundu hapa chini ya mlango, kimoja, viwili... Ziba! Tundu moja tu, mashua inakwenda chini!

Nikaziba. Chini ya milango, kwenye maboksi ya pembeni, yale ya chuma yaliyo wazi ndani, kila tundu. Tukamwaga ndoo ya maji ndani kujaribu. Halikuvuja tone! Vlado akanipa mkono kama nahodha. Nikamwambia Clem akiliona atapiga mluzi. Nilipanguza yale maji yaliyoonekana nikalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Clem alipohama mwezi wa pili.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeoka keki. Nimerudisha kiti cha dereva na usukani. Mikono yangu imeshaanza kutakata. Naogopa kesho.

Jumapili, 21 Julai

Saa kumi na dakika ishirini. Tunatakiwa kurudi saa kumi na moja. Naandika haraka, jikoni.

Mele alimleta mwenyewe kwa gari lake saa nane, akatuacha. Clem alisimama mlango wa gereji muda mrefu. Halafu akaingia — hakukaa kwenye usukani! Alipiga magoti. Clem, ambaye kule wanamvalisha soksi! Akapitisha mkono juu ya maungio, mbele mpaka nyuma, macho amefumba.

— Kazi safi, akasema. Mkono mzuri.

Moyo wangu!

Kisha mkono ukafika chini ya mlango. Ukasimama. Ukarudi. Akagonga boksi la pembeni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

— Hili lina maji ndani. Nani kaziba matundu?

Nikaficha mikono yangu nyuma.

— Maji yanaingia kwa juu, kwenye kioo, huwezi kuyazuia. Matundu haya ndiyo ya kuyatolea. Ukiziba, yanakaa, chuma kinaoza kwa ndani na nje kinang'aa. Mjinga gani huyu? Fundi wa mashua?

Nilicheka kwa sauti. Akacheka na yeye. Akaomba bisibisi bila kunitazama, mkono umenyooshwa nyuma, nami nikampa ile nyembamba, ndiyo aliyoitaka. Akazibua moja moja. Maji ya Jumatatu yakamwagika sakafuni. Anajua kila tundu lilipo! Nilimshikia taa. Alikuwa Clem. Saa nzima alikuwa Clem wangu mtupu, nikasema sasa, sasa hivi ataniita.

Akageuka. Akanitazama usoni sawasawa, kwa upole, na heshima yake yote ya karakana.

— Usiogope, mama. Gari lako litapona. Niachie mpaka Alhamisi. Lakini mumeo yuko wapi? Mwite, nimwonyeshe alivyochezewa. Mambo haya lazima ayajue mwenyewe.

Nikasema nakwenda kumwita.

Ndiyo nimekaa hapa. Birika limeshachemka na kuzima. Mele amepiga simu, yuko njiani. Huko gereji anapiga mluzi, bisibisi inakwaruza.

Sasa imenyamaza. Anaita.

— Mama! Umempata?