Reno ya Mwalimu Cleopas Haikupinda

Kisugu, Kampala
Jumapili, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi, Mzee Abubakar,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani kwa dada Kulusum hapo Mombasa, homa imekuacha, miguu imetulia, na siku hizi unakula bila kubembelezwa. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mvua imenyesha hata njia ya kuingilia gereji imekuwa matope matupu, lakini kazi hazijapungua. Wajukuu zako wanakuamkia, na Zaid ameota meno mawili ya mbele, basi anamuuma kila anayempakata.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu zipo. Baba, masikio yako nayajua. Ningekupigia ningepaza sauti mpaka Kansanga wanisikie, na haya ninayotaka kukuambia si ya kupigiwa kelele. Nimemwomba dada akusomee polepole, asiruke mstari hata kama ataona haya kwa niaba yangu.

Ni habari za lile gari, Reno ya Mwalimu Cleopas. Dada aliniambia kuwa mwezi uliopita, homa ilipokupanda, ulikuwa ukiitaja na kusema ilikushinda. Neno hilo limeninyima raha. Haikukushinda, Baba, na nitakueleza nilivyojua.

Mwezi wa tatu Mama Nerima, mjane wa Mwalimu, alinipigia simu kutoka Kyebando. Alisema ile Reno 4 bado iko nyuma ya nyumba yake chini ya turubai, na kwamba mwanawe Travis anataka kuoa na amekataa katakata kupelekwa harusini na gari jingine. Akaniuliza kama naweza kuifufua. Nilikwenda siku hiyohiyo. Niliikuta imejaa majani na kuku wawili wametaga kwenye kiti cha nyuma, lakini ilikuwa ileile, rangi ya maziwa, na gia yake inatokea kwenye dashibodi kama mkono wa mwavuli. Niliiangalia nikaona aibu kana kwamba nimekutana na mtu ninayemkwepa.

Nilikumbuka yote. Mwaka 1998 lori la matoke liliigonga ubavuni, na mafundi watatu wakamwambia Mwalimu akaiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Wewe ulisema utainyoosha. Wiki saba ulilala chini yake na uzi wako, timazi na chaki, ukishusha alama sakafuni na kuzipima kwa kukatisha kona kwa kona, maana hukuwahi kuamini jicho pekee. Siku ya kuichukua, Mwalimu alikuja na futi yake. Akapima kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kulia na kushoto, akakuta upande mmoja umezidi karibu inchi mbili. Alisema mbele ya wateja kwamba mwalimu wa hesabu hahitaji kuelezwa maana ya kupinda. Ukamjibu kwamba bodi iko sawa, alama zote zimekubaliana, na magurudumu yamekaa gari lilivyotaka lenyewe. Watu walicheka. Mwaka ule haukwisha kabla hujaweka nyundo chini, ukabaki kupaka rangi tu, na Mama alipofariki ukaniachia gereji ukaenda zako Mombasa.

Basi niliileta Reno Kisugu nikiwa na nia moja ambayo leo nairudia kwa haya. Nilitaka kuikata, nisogeze nyuma zile inchi mbili, nimalize kile nilichodhani kilikushinda, ili asitokee tena mtu wa kulisema jina lako vibaya. Nilifungua magurudumu, nikaweka gesi ya kukatia tayari, na miwani ilikuwa usoni. Hapo Travis akaingia mbio na kitabu cha ufundi wa gari hilo alichokiagiza kwa posta. Kimeandikwa Kifaransa, lugha ambayo hapa gereji hakuna anayeijua, lakini namba hazina kabila. Kwenye mchoro wa gari lililotazamwa kutoka juu palikuwa na vipimo viwili vya kutoka gurudumu hadi gurudumu, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, na havilingani. Tofauti yake ni karibu inchi mbili.

Baba, ilizaliwa hivyo! Kila gurudumu la nyuma lina chuma chake kirefu kinachojipinda badala ya springi, nacho kinavuka chini ya gari kutoka ubavu hadi ubavu. Vyuma viwili haviwezi kulala mahali pamoja, basi kimoja kimelazwa mbele ya kingine, na gurudumu moja likasogea mbele ya mwenzake. Nilizima gesi. Ulikuwa ukiniambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi siku ile niliinama kweli. Nikakwangua uchafu nikazikuta alama zako za ponchi ulizozigonga kwenye chuma, zote nane, nikapima kona kwa kona kama ulivyonifundisha. Hazikupishana hata unene wa ukucha. Na pale ulipochomelea, miaka ishirini na saba imepita, hapajaingia kutu. Nililia mle chini, na mafuta yakanidondokea usoni, nikawa wa kuchekwa.

Tangu hapo Travis hana habari nyingine. Kila jioni alikuja kunisomea mambo ya Reno 4 kutoka kwenye simu yake, na mimi nimekuwa mjuzi wa kuwachosha wateja. Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 1961, likaendelea kutengenezwa zaidi ya miaka thelathini, na yakatoka zaidi ya milioni nane. Waliolibuni walitaka gari la kila mtu, la mjini na la shambani. Kiti cha nyuma kinatoka, ukipenda upakie magunia, ukipenda upakie watoto. Polisi wa vijijini huko Ufaransa waliliendesha, na wakulima vilevile. Sasa jina lake wamelirudishia gari jipya la umeme. Katika hayo mamilioni yote, Baba, mimi nalijua moja tu lililonyooshwa kwa uzi na chaki Kisugu, na silibadilishi kwa lolote.

Harusi ilikuwa Jumamosi iliyopita. Niliiendesha mwenyewe kutoka Kyebando mpaka ukumbini Kansanga, maharusi nyuma, mimi nimefunga hijabu yangu ya Idi. Kwenye barabara ya Ggaba bodaboda walitusindikiza kwa honi, na askari wa barabarani alitusimamisha, nikadhani nimekosa, kumbe anataka kupiga picha. Ukumbini Travis alisimama akawaeleza wageni kwamba gari lile lilinyooshwa na fundi Abubakar wa Kisugu, na kwamba marehemu baba yake alimdhulumu fundi huyo kwa kutojua. Kisha Mama Nerima akaomba kipaza sauti. Alisema mumewe aliliendesha miaka tisa baada ya siku ile, na tairi hazikuwahi kulika upande mmoja. Mwalimu mwenyewe aliliona hilo, ila ulimi ulikuwa mzito kukiri. Akaniomba nikufikishie msamaha wa nyumba yake. Watu wote walisimama wakapiga makofi kwa ajili yako, Baba. Sijawahi kujivuna vile tangu nizaliwe.

Sasa nimefika nilipokuwa napakwepa. Miaka yote hii umeamini kwamba Ochan, fundi wa ng'ambo ya mtaro, ndiye aliyeipima Reno kwa siri akakuchongea kwa Mwalimu, kwa sababu Ijumaa ile alikuja kuazima jeki wewe ukiwa msikitini. Ulikata salamu naye. Mama yake alipofariki ulitukataza kwenda hata kuketi matangani, na hapa mtaani unajua hilo lina uzito gani.

Hakuwa Ochan. Nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka chuo cha ufundi, nimenunua futi ya manjano ambayo sikuwa nimeitumia kwa lolote la maana. Ulipokwenda kuswali niliipima Reno gurudumu kwa gurudumu. Mama Nerima alipita kuliangalia gari, nami nilitaka aone kwamba msichana naye anajua kazi, nikamwambia limepinda, naye akampelekea Mwalimu habari. Sikukusubiri nikuulize. Kisha ulipomshuku Ochan, nilinyamaza. Kupima nilipima sawa, Baba, ila sikuelewa nilichokipima, na kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa kubaya zaidi.

Alhamisi nilivuka mtaro nikaenda kwa Ochan kumwambia ukweli. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kusugua bati la gari kwa msasa, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini: "Mimi iliona wewe siku ile. Wewe ilikuwa na futi ya manjano." Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alinieleza kwamba alikuwa amenitazama nikigonga mabati tangu nikiwa chuoni, akajua nina mkono wako, na kama ungejua ni mimi ungenitoa gereji na kuniozesha mbali. Akaona heri yeye akose salamu zako kuliko nyundo yako ikose wa kuirithi. Baba, nilipiga magoti kwenye matope yake.

Nimetia ndani picha mbili. Moja ni ya Reno mbele ya ukumbi, na ya pili ni ya mshono wako wa kuchomelea, ili uuone kwa macho. Nyuma ya hiyo ya pili Ochan ameandika namba yake ya simu kwa mkono wake mwenyewe. Anakusalimu, na anasema naye masikio yamekufa, kwa hiyo mtapigiana kelele sawasawa.

Nakuomba radhi, Baba. Sikuombi unijibu upesi. Mpigie Ochan kwanza, umwitikie salamu yake, mimi nitangoja zamu yangu.

Msalimie dada Kulusum, shemeji na watoto, na majirani wote wanaokuulizia hali kila asubuhi. Mungu akupe afya na akuongezee siku.

Ni mimi mwanao,
Shamim
Fundi bodi, Gereji ya Mzee Abubakar, Kisugu